Linux ilivyoziba tundu la kumbukumbu, WiFi ikazimika: tuelezane kwa safari ya Korogwe na Handeni

Umewahi kukubali sasisho la kompyuta jioni, ukalala, halafu asubuhi unawasha mashine WiFi haishiki? Unazima ruta, unawasha tena. Unaangalia kama bando limeisha. Kila kitu kiko sawa, ila intaneti haiji.

Machi 2022 hilo liliwakuta baadhi ya watumiaji wa Linux. Ruta zao hazikuwa na shida. Shida ilitoka kwenye marekebisho ya usalama yaliyoingizwa ndani kabisa ya mfumo, pale panaposimamiwa jinsi vifaa vinavyoandika kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Nia ilikuwa njema: kuziba tundu lililokuwa likivujisha data. Tundu likazibwa, WiFi ikazimika.

Kisa hiki kinakuhusu hata kama hujawahi kuandika programu. Simu yako ya Android inatumia kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kazi na kumbukumbu. Kompyuta nyingi za mbali zinazoendesha huduma unazofungua kwenye simu nazo zinatumia kerneli hiyo hiyo.

Ili tuelewane vizuri, tuchukue barabara tunayoijua: kutoka Korogwe hadi Handeni.

Mwenye duka wa Chanika

Tuseme kuna mama ana duka la jumla pale Chanika, Handeni. Ana daftari lake la mizigo. Kila ukurasa una kazi: huu wa mchele, huu wa sukari, huu wa sabuni.

Huyo mama ndiye prosesa, yule anayefikiri na kuamua. Daftari lake ndilo kumbukumbu ya kompyuta. Magari yanayoleta mizigo ndiyo vifaa: kadi ya WiFi, diski, kamera, printa.

Zamani kompyuta ilifanya kazi kama mama anayepokea kila gunia kwa mikono yake na kuandika kila mstari mwenyewe. Kazi inafanyika, lakini siku nzima inaishia hapo. Wateja wamepanga foleni, yeye yuko nje anahesabu magunia.

Ndipo ikaja njia inayoitwa DMA. Maana yake ni kifaa kuruhusiwa kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila prosesa kushika kila herufi. Mama anamwambia dereva: "Ukurasa wako ni huu, andika ulichonacho, ukimaliza nipigie." Anarudi kuhudumia wateja. Simu ikiita, anajua mzigo umefika.

Kompyuta yako inafanya hivyo kila sekunde. Ukifungua picha, ukipakua wimbo, ukichapa barua, DMA iko kazini.

Lakini kuna sharti moja. Wakati dereva anaandika, ukurasa ni wake. Mama asiuguse. Akimaliza, ukurasa unarudi kwa mama, na dereva asiuguse tena. Watu wawili wakiandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, hesabu zinavurugika.

Lori la njia kuu haliendi Handeni

Sasa ifikirie barabara. Lori linalotoka Arusha au Moshi kwenda Dar es Salaam linapita Mombo, Korogwe, Segera na kuendelea. Haliwezi kuacha njia kuu na kukata kama kilomita 65 hadi Handeni kwa sababu ya mzigo wa duka moja.

Kwa hiyo mzigo unashushwa Korogwe. Pale tuseme kuna kibanda chenye ubao mweusi. Dereva anaandika kwenye ubao alichoshusha, anaondoka. Kijana wa bodaboda ananakili maandishi ya ubao, anayapeleka Handeni, anayaandika kwenye daftari la mama.

Kwenye kompyuta nako kuna vifaa visivyofika kila mahali. Kifaa kinachotumia anwani za biti 32 kinaweza kufikia nafasi 4,294,967,296 tu za kumbukumbu, yaani gigabaiti 4. Mashine ikiwa na gigabaiti 8, kuna eneo la juu ambalo kifaa hicho hakilioni kabisa. Hiyo ndiyo Handeni yake.

Kerneli ya Linux inatatua hilo kwa kutenga eneo la chini ambalo kifaa kinafika. Kifaa kinaandika pale, kisha kerneli inanakili kwenda kule data inakotakiwa. Sehemu ya kerneli inayofanya kazi hiyo inaitwa swiotlb. Huyo ndiye kijana wetu wa bodaboda, na lile eneo la chini ndilo ubao wa Korogwe.

Kuna sababu nyingine ya kutumia ubao. Siku hizi zipo kompyuta pepe zinazolindwa kwa kufunga kumbukumbu yao kwa usimbaji, hata mwenye seva asiweze kuisoma. Kifaa cha nje hakiruhusiwi kuingia chumbani. Kinaishia barazani, kama mgeni. Baraza lenyewe ni lile lile eneo la swiotlb.

Ubao usiofutwa

Sasa sikiliza shida ilipoanzia.

Ubao wa Korogwe unatumiwa na watu wengi kwa zamu. Asubuhi umetumika kwa muuza dawa, mchana kwa fundi magari, jioni kwa mama wa Chanika. Kila mmoja ameachiwa maandishi yake, na hakuna aliyefuta.

Jioni hiyo dereva anakuja na mzigo mdogo. Ubao una mistari 20, yeye anaandika miwili tu, anaondoka. Kijana wa bodaboda anafika, ananakili ubao mzima. Mistari miwili ni ya mama. Iliyobaki 18 ni ya watu wengine: nani anadaiwa, nani kaagiza dawa gani, nani kalipa kiasi gani.

Mama hakuiba kitu. Hakuomba hata. Lakini siri za watu ziko kwenye daftari lake.

Hivyo ndivyo Linux ilivyokuwa inafanya. Kifaa kilipoandika pungufu ya ilivyotarajiwa, kerneli ilinakili eneo zima, pamoja na mabaki ya kazi zilizopita. Mabaki hayo yanaweza kuwa kipande cha barua, cha picha au cha nywila.

Aliyelifuatilia tundu hili ni Halil Pasic, mhandisi wa IBM, akifanya kazi kwenye kompyuta pepe za aina hiyo iliyolindwa. Liligunduliwa na jaribio la kawaida ambalo lilitungwa kupima hitilafu nyingine ya mwaka 2018.

Jaribio lenyewe ni rahisi ajabu. Programu inatayarisha nafasi ya baiti 524,288, inaijaza sifuri tupu, kisha inakiambia kifaa cha diski: "Nitumie data humu." Ila amri inayotumwa ni ile ya kuuliza tu kama kifaa kiko tayari. Amri hiyo haileti data yoyote.

Kwa hiyo mwisho wa jaribio, nafasi ilitakiwa kubaki na sifuri zile zile. Haikubaki hivyo. Ilikutwa na mabaki ya kazi za wengine.

Ni kama dereva kapita Korogwe, kapiga honi, hakuandika hata herufi moja, lakini kijana bado akapeleka Handeni ubao mzima wa watu.

Hitilafu hiyo ikapewa namba CVE-2022-0854. Tuwe wakweli, haukuwa mlango wa mwizi wa mbali. Mtu alipaswa awe tayari ana ruhusa ya kuendesha programu ndani ya kompyuta hiyo. Lakini kwenye mashine inayotumiwa na wengi, hilo linatosha kuleta madhara.

Dawa ya kwanza

Utafanyaje? Jibu la haraka ni kufuta ubao kila mara kabla ya dereva kuandika. Lakini kufuta kuna kasoro yake. Pengine mama alikuwa na maandishi yake ya maana kwenye ukurasa ule, na dereva alitakiwa kuongeza mistari miwili tu. Ukileta ubao uliofutwa na kuuandika juu ya ukurasa wa mama, maandishi yake yanapotea.

Kwa hiyo iliamuliwa hivi: kabla ubao haujakabidhiwa kwa dereva, kijana ananakili kwanza ukurasa wa mama kutoka Handeni na kuuandika kwenye ubao. Mabaki ya watu wengine yanafunikwa. Dereva akiandika mistari miwili, iliyobaki ni ya mama mwenyewe. Asipoandika kitu, mama anarudishiwa kilichokuwa chake.

Ina gharama: safari moja zaidi ya bodaboda kwa kila mzigo. Kompyuta inatumia muda kidogo kunakili kitu ambacho mara nyingi kitaandikwa juu yake. Wahandisi waliona ni afadhali kuchelewa kidogo kuliko kuvujisha.

Marekebisho hayo yaliingia Februari 2022. Hapo pakatokea kosa la kibinadamu: toleo la zamani la marekebisho ndilo lililoingizwa badala ya lile la mwisho walilokubaliana. Christoph Hellwig, aliyekuwa msimamizi wa sehemu hiyo ya kerneli wakati huo, akamwomba Pasic aandike nyongeza ya kusawazisha.

Nyongeza ikaingia mwanzoni mwa Machi. Tarehe 20 Machi 2022 Linux 5.17 ikatolewa ikiwa nayo ndani.

Nyongeza iliyofuta mzigo halali

Ndani ya nyongeza ile kulikuwa na kanuni moja zaidi. Ilisema: si mwanzoni tu, bali kila mama anapouangalia ubao na kuurudisha kwa dereva, kijana anakili tena ukurasa wa mama na kuuandika kwenye ubao.

Ukiisikia hivyo, utasema ni tahadhari nzuri. Sasa tazama kilichoikuta WiFi.

Kuna chipu za WiFi za Atheros ambazo ndani ya Linux zinaongozwa na draiva iitwayo ath9k. Draiva hapa ni programu inayozungumza na kifaa, usiichanganye na dereva wetu wa lori. Chipu hizi ni za kizazi cha WiFi ya 802.11n, zimo kwenye laptopu na ruta nyingi za miaka ile. Na zinatumia anwani za biti 32, kwa hiyo kwenye mashine yenye zaidi ya gigabaiti 4 zinaweza kulazimika kupitia ubao.

Draiva ya ath9k ina tabia ya kuchungulia. Haisubiri simu tu. Inaangalia eneo la mapokezi: "Je, pakiti imefika?" Kama bado, inalirudisha eneo kwa chipu na kuendelea na mambo mengine. Baadaye inachungulia tena.

Turudi Korogwe. Saa nne kamili kijana ananakili ubao, anapeleka kwa mama. Mama anatazama: bado hakuna kitu. Anasema, "Rudisha, tusubiri."

Kumbe wakati kijana yuko njiani, dereva kafika Korogwe na kuandika: magunia 40 ya mchele. Kaondoka zake kuelekea Segera.

Kijana anarudi na ile nakala ya saa nne, isiyo na kitu. Kwa kufuata kanuni mpya, anaiandika kwenye ubao. Magunia 40 yamefutwa. Dereva hayupo tena wa kumwuliza. Mama atachungulia mara mia, hataona mchele.

Hivyo ndivyo pakiti za WiFi zilivyokuwa zinapotea. Chipu imepokea, imeandika, imefanya kazi yake vizuri. Kerneli inaandika juu yake nakala ya zamani. Mtumiaji anaona tu kwamba mtandao haufanyi kazi.

Siku chache za mvutano

Oleksandr Natalenko aliripoti kwamba kituo chake cha WiFi kinachotumia ath9k kimeacha kufanya kazi baada ya marekebisho hayo. Toke Høiland-Jørgensen, anayesimamia draiva ya ath9k, akaingia kwenye mjadala. Wakachimba hadi wakafika kwenye nyongeza ile.

Swali likawa: nani mwenye kosa? Ni draiva inayochungulia wakati kifaa bado kinaandika, au ni kanuni mpya inayoandika juu ya kazi ya kifaa?

Ukitazama kwa makini, pande zote zina hoja. Aliyetunga kanuni alidhani ubao ukishikwa na mama basi dereva haugusi. Draiva ya ath9k nayo haikumsimamisha dereva. Ilikuwa inachungulia tu begani kwake.

Lakini jamii ya Linux ina msimamo wa miaka mingi: kitu kilichokuwa kinafanya kazi kwa watu kisiharibiwe na sasisho. Hata kama sasisho lina nia njema, hata kama kile cha zamani hakikuandikwa vizuri.

Tarehe 26 Machi 2022 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaiondoa nyongeza yote. WiFi ikapona, ila kinga dhidi ya uvujaji nayo ikapungua nguvu. Siku mbili baadaye, tarehe 28 Machi, akarudisha sehemu tu ya nyongeza: ile inayosema kijana anakili ukurasa wa mama mwanzoni, kabla dereva hajakabidhiwa ubao. Kanuni ya kunakili tena kila baada ya kuchungulia ikaachwa.

Ukiipima, utaona inatosha. Mabaki ya wengine yameshafunikwa mwanzoni. Kuanzia hapo, kilichopo kwenye ubao ni cha mama au cha dereva wake. Hakuna haja ya kuandika tena katikati ya kazi.

Tunajifunza nini?

Ukiangalia kosa la kwanza na la pili, yote yanatoka kwenye swali moja: kwa sasa hivi, huu ukurasa ni wa nani?

Kosa la kwanza lilikuwa kusahau kwamba ubao ulikuwa wa mwingine kabla yako. La pili lilikuwa kudhani ubao umerudi kwako wakati mwenzako bado ameshika chaki.

Kwa anayejifunza programu pale Korogwe au Handeni, hili ni jambo la kuanza nalo. Kila unapotenga eneo litakaloandikwa na mwingine, jiulize mambo matatu. Kuna nini ndani yake kabla hajaandika? Akiandika nusu tu, nusu nyingine itakuwa na nini? Na nikilishika mimi, yeye ameshaacha kweli?

Wasioandika programu nao wana la kuchukua. Watu wengi wakisikia kisa kama hiki wanasema, "Ndiyo maana mimi sisasishi." Hapana. Usiposasisha, unabaki na ubao usiofutwa. Hitilafu ya WiFi unaiona mara moja na unalalamika. Data inayovuja haikupigii honi.

Ufanye nini kwenye mashine yako

Kama una duka la steshenari, maabara ya shule au laptopu ya mtumba inayotumia Linux, mambo haya yatakusaidia.

Sasisha, lakini kwa wakati wako. Usisasishe asubuhi ya siku una kazi ya kuchapa mitihani. Fanya jioni au siku ya mapumziko, ili likitokea la kutokea upate muda wa kulishughulikia. Ujue pia kwamba sasisho la kerneli linakula bando, kwa hiyo jipange.

Usifute kerneli ya zamani haraka. Mifumo kama Ubuntu na Debian kwa kawaida huacha kerneli ya awali kwenye mashine. WiFi ikigoma baada ya sasisho, washa upya, kwenye orodha inayotokea mwanzoni chagua ile ya awali. Ikishika, umeshajua shida si ruta wala bando.

Jua toleo lako. Fungua dirisha la amri, andika uname -r. Namba inayotokea ndiyo toleo la kerneli. Iandike pembeni kabla ya kusasisha na baada ya kusasisha.

Toa taarifa. Kisa hiki kilitatuliwa kwa siku chache kwa sababu mtumiaji alieleza kilichovunjika, kwenye kifaa gani na kuanzia toleo gani. "WiFi imekufa" haimsaidii mtu. "Chipu yangu ni hii, toleo lile ilishika, toleo hili haishiki" inasaidia.

Hili la mwisho ni muhimu kwetu hasa. Wahandisi wengi wanajaribu kazi zao kwenye mashine mpya. Chipu za zamani ziko mikononi mwa watu wanaotumia mtumba, na huku kwetu tuko wengi. Tukinyamaza, aliyevunja hatajua kama amevunja.

Kwa hiyo mara nyingine WiFi ikigoma baada ya sasisho, kabla hujamlaumu mwenye ruta, kumbuka ubao wa Korogwe. Huenda mzigo wako umefika salama, ila kuna mtu kaufuta kabla haujapanda Handeni.